Bahari ndogo South B: shajara ya tangi la matumbawe la lita 200

Ninaiweka shajara hii kwa ajili ya yeyote anayetaka kufuga matumbawe na samaki wa maji chumvi akiwa Nairobi. Maelekezo mengi niliyoyasoma kabla ya kuanza yaliandikwa na watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari, ambao maji ya mfereji huwafikia kwa msukumo wa kutosha na umeme kwao haukatiki mara kwa mara. Sisi tuko takriban mita 1,700 juu ya usawa huo, tunaishi kwa mgao wa maji, na mwezi wa Julai tunalala madirisha yakiwa yamefungwa. Karibu kila tatizo lililonipata lilitokana na mojawapo ya mambo hayo matatu: maji, umeme na hewa ya nyumba. Kwa hiyo hatua za kawaida nitazipitia haraka, na makosa nitayaeleza kwa kirefu. Chini ya baadhi ya tarehe nimeongeza baadaye yale yaliyofuata.

13 Januari 2024: kioo, stendi na mahali pa kuweka

Tangi lina urefu wa sentimita 90, upana wa 50 na kimo cha 45, na limetengenezwa na fundi wa vioo wa Industrial Area kwa shilingi 26,000. Fundi alipendekeza kioo cha milimita 8, lakini niliomba cha milimita 10 kwa kuwa tangi litakaa sebuleni, ghorofa ya pili, juu ya nyumba ya mtu mwingine. Chini yake kuna tangi dogo la kuficha hita, pampu na skima, yaani kile chombo kinachotoa uchafu kwa njia ya povu. Ukijumlisha yote, maji yanayozunguka ni lita 200 hivi. Stendi ya chuma ilichomelewa Kamukunji kwa shilingi 12,500, nami nimeiweka sambamba na ukuta unaobeba jengo, kwani uzito wa maji, kioo, mawe na chuma unakaribia kilo 330.

Nililijaza tangi maji ya kawaida kwa siku saba ili nione kama linavuja. Siku ya pili tone moja lilijitokeza kwenye kona ya nyuma, nikalifuta kwa kidole, na baada ya dakika ishirini likarudi palepale. Fundi alikuja, akakwangua silikoni yote ya kona ile, akakuta vumbi la kioo chini yake, akasafisha kwa spiriti na kupaka upya. Nilisubiri wiki mbili zaidi. Mtu akikuambia tone dogo litajiziba lenyewe kwa chumvi, usimsikilize.

Umeme wote wa tangi unapitia kikata umeme kinachojizima pakitokea uvujaji, na kila waya unaning'inia chini ya soketi kabla ya kupanda, ili maji yanayofuata waya yadondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye soketi.

27 Januari 2024: maji safi bila msukumo

Maji ya bahari nyumbani hutengenezwa kwa kuchanganya chumvi maalumu na maji yaliyoondolewa karibu kila kitu, na kwa kazi hiyo nilinunua mtambo wa RO, unaosukuma maji yapite kwenye utando mwembamba sana, wenye vichujio vitano kwa shilingi 19,000. Siku ya kwanza ulinipa lita tisa tu kwa saa 24, na kwa kila lita moja safi ulimwaga lita kumi na moja. Isitoshe, kipimo cha TDS, kinachoonyesha chembe zilizoyeyuka, kilisoma 14 baada ya utando ilhali maji ya mfereji yenyewe yalisoma 68.

Nilidhani utando ni mbovu, nikataka kuurudisha dukani. Tatizo lilikuwa msukumo. Katika jengo letu maji hutoka kwenye matangi ya juu ya paa, na kila mita kumi za kimo hutoa msukumo wa baa moja tu. Kutoka paani hadi jikoni kwangu ni mita saba, yaani baa 0.7, ilhali utando huo unahitaji baa nne hivi ili ufanye kazi yake. Pampu ndogo ya kuongeza msukumo, ya shilingi 7,500, iliondoa tatizo lote: sasa napata lita nane kwa saa, TDS ni 2 baada ya utando na 0 baada ya resini, yaani zile punje za kichujio cha mwisho zinazonasa chembe zilizobaki. Maji yanayokataliwa, lita tatu kwa kila lita safi, hukusanywa kwenye ndoo na kutumika chooni na kudekia, kwa sababu kuyamwaga katika mtaa wenye mgao kungekuwa dhambi.

16 Machi 2024: mawe, chumvi na kusubiri

Mawe sikuyatoa baharini. Nilinunua mawe ya matumbawe ya kale yanayochimbwa nchi kavu upande wa Kilifi, yale yale yanayojengewa nyumba pwani, kilo 25 kwa shilingi 2,400 pamoja na usafiri. Yana vitundu vichache kuliko mawe ya dukani, kwa hiyo niliyatoboa kwa drili, kisha nikayaloweka wiki tano na kubadilisha maji kila wiki hadi fosfeti, ambayo ni lishe ya mwani, ikapungua kutoka miligramu 0.9 hadi 0.08 kwa lita. Hatua hiyo inachosha, lakini anayeiruka atalipa kwa mwani baadaye.

Kosa la hatua hii lilikuwa katika kupima chumvi. Rifraktomita, yaani kipimo kinachosoma chumvi kwa jinsi maji yanavyopinda mwanga, niliirekebisha kwa maji safi hadi ikasoma sifuri, nikaamini kwamba itasoma sawasawa na juu pia. Nilipokuja kuilinganisha na mmumunyo wa kulinganishia, niligundua kwamba kila ilipoonyesha 35, yaani gramu 35 za chumvi katika kilo moja ya maji, maji yangu yalikuwa na chumvi ya 33. Kipimo hiki kinapaswa kurekebishwa pale pale kinapotumika, yaani kwenye 35. Asiye na mmumunyo wa dukani anaweza kuutengeneza: gramu 36.5 za chumvi safi ya mezani katika gramu 963.5 za maji ya RO, zikipimwa kwa mizani ya jikoni inayosoma nukta. Mmumunyo huo hupinda mwanga sawa na maji ya bahari ya 35.

Ili kuanzisha bakteria wanaogeuza amonia kuwa naitraiti na kisha naitreti, niliweka kamba mmoja mbichi kutoka City Market ndani ya soksi safi. Amonia ilifika miligramu 2 kwa lita, ikashuka hadi sifuri siku ya 31. Sikuongeza chochote katika muda huo.

30 Machi 2024: mifuko iliyovimba

Samaki wa kwanza walikuja kwa basi la usiku kutoka Mombasa, kutoka kwa muuzaji mwenye leseni: wawili wa anemoni wa pwani yetu, wanaoitwa kitaalamu Amphiprion allardi, na watatu wadogo wa rangi ya kijani cha bahari, Chromis viridis. Nilipofungua sanduku asubuhi nilikuta mifuko imekaza kama ngoma. Hewa iliyofungwa usawa wa bahari hupanuka kwa karibu sehemu moja ya tano inapofika huku, kwa sababu kanieneo ya hewa ya Nairobi ni takriban asilimia 82 ya ile ya Mombasa. Mfuko mmoja ulikuwa umelegeza mpira wake njiani, maji yamevuja ndani ya sanduku, na Chromis mmoja alikuwa amelala ubavu katika maji ya kina cha vidole viwili. Alipona. Tangu hapo namwomba muuzaji aache mfuko ukiwa umelegea, afunge mipira miwili, na aweke mfuko wa pili juu ya wa kwanza.

Baada ya kufungua mifuko nilifanya kosa lingine kwa nia njema: niliwadondoshea maji ya tangi tone kwa tone kwa saa nzima ili wazoee. Samaki aliyesafiri saa kumi amekaa katika amonia yake mwenyewe, ambayo haimdhuru sana kwa kuwa pH ya mfuko imeshuka, lakini ukifungua mfuko na kuongeza maji mapya pH hupanda na amonia ile ile hugeuka sumu. Niliwaona wakihema kwa kasi wakiwa ndani ya ndoo, nikakatisha zoezi. Kamba msafishaji alipokuja Aprili, nilimtayarishia mapema maji ya ndoo yenye chumvi sawa na ya mfuko wake, nikauacha mfuko uelee dakika ishirini ili joto lilingane, nikamhamisha mara moja, kisha chumvi ya ndoo nikaipandisha polepole hadi ikalingana na ya tangi.

Kuhusu matumbawe: matumbawe magumu yote yamo katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES, na hakuna kinachoruhusiwa kuchukuliwa katika hifadhi za taifa za bahari. Mimi nimepokea vipandikizi vilivyokuzwa katika matangi ya wafugaji wenzangu hapa Nairobi, nami nitaendelea hivyo hivyo. Vya kwanza vilikuwa tumbawe laini la ngozi na zoanthidi, jamaa laini wa matumbawe. Hawa wa pili wanaweza kuwa na sumu kali iitwayo palitoksini, kwa hiyo nawashika kwa glavu na miwani, na kamwe sichemshi jiwe lenye viumbe, kwa kuwa mvuke wake umewahi kulaza watu hospitalini.

19 Mei 2024: vumbi la kahawia

Katikati ya mvua za masika mtaa wetu ulikaa siku tisa bila maji ya mfereji, na wapangaji tukachanga kuleta lori la maji ya kisima kirefu. Niliendelea kuchuja kama kawaida. Siku ya kumi na mbili mchanga ulianza kuwa na rangi ya chai ya mkandaa, na baada ya siku tatu vioo, mawe na hata shina la tumbawe la ngozi vilifunikwa na vumbi laini la kahawia lililoinuka kama moshi nilipolipuliza kwa bomba la sindano. Zoanthidi zikabaki zimejifunga mchana kutwa.

Hao walikuwa daiatomu, mwani wenye ganda la silika. Katika tangi changa huja na kupita, lakini haya yalirudi kila nilipoyasafisha, na fosfeti yangu ilikuwa 0.05 tu. Marafiki wawili walinielekeza kwenye floridi, kwa kuwa visima vingi vya Nairobi vina floridi nyingi. Sikuridhika, kwa sababu maji ya bahari yenyewe yana floridi ya takriban miligramu 1.3 kwa lita, na matumbawe yameishi nayo tangu zamani. Silika ndiyo iliyokuwa na maana zaidi: jiji hili limekaa juu ya miamba ya volkano, na maji yanayokaa ndani ya miamba hiyo huyeyusha silika kwa wingi.

Nilipopima maji ya lori nikapata TDS 470, karibu mara saba ya maji ya mfereji. Baada ya utando ilikuwa 19, na baada ya resini ilikuwa 1. Ile 1 ndiyo iliyonidanganya. Silika hushikwa kwa udhaifu sana na resini, hivyo resini inapoanza kuchoka silika hutoka ya kwanza, na kwa kuwa haipitishi umeme vizuri kipimo cha TDS hakiioni. Kufikia wakati namba inapanda, silika imekuwa ikiingia tangini kwa siku nyingi.

Nilibadilisha resini yote kwa shilingi 3,600 na kuongeza chupa ya pili ya resini baada ya ya kwanza, ili ya kwanza ikichoka ya pili ipokee. Nilinyonya vumbi kwa mpira mara tatu katika wiki mbili, nikaongeza konokono wanane wa kula mwani. Muhimu kuliko yote, nilinunua madumu manne ya lita 20 ambayo hujazwa maji ya RO siku za mfereji, ili mgao ukirefuka nisilazimike kugusa maji ya kisima. Mei 31 kioo kilikaa siku tano bila kufutwa, na zoanthidi zikafunguka zote.

21 Julai 2024: hewa ya nyumba

Tangu mwisho wa Juni pH ilikuwa inashuka, na Julai 9, saa kumi na mbili asubuhi, ilisoma 7.74. Jioni ilipanda hadi 7.93 na kuishia hapo, ilhali ninataka ikae kati ya 8.1 na 8.3, kwa kuwa matumbawe magumu hujenga mifupa yao polepole zaidi pH ikiwa chini. Nilikimbilia chupa ya dawa ya kupandisha pH, shilingi 2,300. Ilipanda hadi 8.1, ikakaa saa tatu, ikarudi 7.8, na ualkali, yaani uwezo wa maji kustahimili asidi, unaopimwa kwa dKH, ukawa umepanda kutoka 8.1 hadi 9.0 bila sababu. Naijutia chupa hiyo. Ualkali wangu ulikuwa sawa tangu mwanzo, kwa hiyo asidi ilikuwa inatoka kwingine.

Jaribio lililonipa jibu halikugharimu kitu. Nilichota bilauri mbili za maji ya tangi, moja nikaiweka mezani sebuleni na nyingine kwenye roshani, kila moja ikiwa na pampu ndogo ya hewa inayotoa mapovu. Baada ya saa moja ile ya sebuleni ilisoma 7.86 na ile ya roshani 8.17. Maji ni yale yale, chumvi ni ile ile. Kilichotofautiana ni hewa. Katika baridi ya Julai watu watano tunalala na kupika kwa gesi ndani ya nyumba iliyofungwa, na hewa ya ukaa tunayoitoa hukusanyika, huyeyuka ndani ya maji na kuyafanya yaelekee kwenye asidi. Mwinuko wa Nairobi peke yake ungepaswa kuinua pH kidogo. Sisi wenyewe ndio tuliokuwa tunaishusha.

Skima hunyonya hewa nyingi kila dakika, kwa hiyo nilivuta mpira wa mita nne kutoka kwenye tundu lake la hewa hadi nje ya dirisha, nikauziba ukingoni kwa sponji. Asubuhi iliyofuata pH ilikuwa 7.97, na baada ya wiki imetulia kati ya 8.02 na 8.21. Hata hivyo, mpira huo hunyonya chochote kilicho nje. Nilikuwa nimeuelekeza kwenye roshani, na Jumamosi jirani alipopulizia dawa ya mende nilisikia harufu yake ndani ya povu la skima. Nilizima skima papo hapo, nikaweka mfuko wa mkaa wa kuchujia, nikabadilisha lita 40 za maji. Kamba, ambaye ni mwepesi kuliko wote kufa kwa dawa za wadudu, alisalimika. Mdomo wa mpira sasa uko upande wa barabara, nami nimemwomba jirani anijulishe kabla ya kupuliza, naye anafanya hivyo kila mara.

Kwa baridi yenyewe, nilibandika foamu nyeupe ya sentimita mbili nyuma na ubavuni mwa tangi. Hita, iliyokuwa ikiwaka saa kumi na moja kwa siku, sasa inawaka saa nane.

14 Septemba 2024: saa saba na nusu bila umeme

Umeme ulikatika saa 3:40 usiku. Nilijua kwamba maji yangepoa, nikafunika tangi kwa blanketi, nikaenda kulala. Hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote yaliyomo katika shajara hii, maana joto halikuwa hatari ya kwanza. Maji ya bahari ya nyuzi 26 hushika oksijeni ya miligramu 6.7 hivi kwa lita yakiwa usawa wa bahari. Nairobi, kwa kuwa hewa ni nyepesi, hushika kama 5.5. Tunaanza usiku tukiwa na akiba pungufu, na matumbawe, bakteria na samaki wote huitumia gizani. Blanketi nililoweka lilizuia hata ile kidogo iliyokuwa ikiingia kwa juu.

Saa nane usiku binti yangu aliamka kunywa maji, akamulika tangi kwa simu, akaja kuniamsha: "Baba, samaki wamekuja juu, wanahema." Wote watano walikuwa wamepanga midomo juu ya maji, na kamba alikuwa amepanda hadi kwenye ukingo wa kioo. Tulitoa blanketi, tukachota maji kwa jagi na kuyamimina kutoka kimo cha mkono, majagi ishirini kila baada ya dakika kumi, tukipokezana hadi umeme ulipoingia saa 11:10 alfajiri. Joto lilikuwa limeshuka kutoka 25.6 hadi 23.5 tu. Chromis mmoja alikufa kabla ya mapambazuko.

Siku hiyo hiyo nilinunua pampu ya hewa ya betri inayojiwasha umeme ukikatika, shilingi 2,200. Ingekuwepo usiku ule, yule samaki angekuwa hai, na mtu asiye na pesa za kifaa kingine chochote aanze na hiyo. Baadaye nilinunua inveta ya bei nafuu ya 8,500, nayo ikawa hasara: umeme wake ni wa mawimbi ya ngazi, na pampu zangu zilinguruma na kupata moto hata mkono haukuweza kuzishika. Niliibadilisha na inveta ya mawimbi laini, shilingi 17,000, pamoja na betri ya lithiamu ya volti 12.8 na amp-saa 100, shilingi 46,000. Pampu mbili zinazotumia wati 50 kwa pamoja zinaendelea kwa takriban saa ishirini. Hita sikuiunganisha, kwa sababu ingeimaliza betri kwa saa chache, nami nimeshaona kwamba maji hupoa polepole. Taa nazo zinapitia kifaa kile cha kulinda friji, kinachosubiri dakika kadhaa umeme ukirudi, maana mshtuko wa kurudi kwake huunguza zaidi kuliko kukatika kwenyewe.

19 Oktoba 2024: konokono na boya

Maji hupungua lita tatu hivi kwa siku kwa kukauka, na boya huamuru pampu ndogo ijazie maji ya RO. Ijumaa konokono alipanda juu ya boya, akalikandamiza chini, na lita 25 zote za akiba zikaingia. Chumvi ilishuka kutoka 35 hadi 31, na sakafu ilikuwa na maji. Sikuipandisha mara moja. Kwa siku sita nilijazia maji ya chumvi badala ya maji safi, ikarudi taratibu. Boya sasa liko ndani ya kikombe cha plastiki chenye matundu, lipo boya la pili la tahadhari juu yake, na dumu la akiba ni la lita 8 tu, ili hata likiingia lote lisiteremshe chumvi kwa zaidi ya 1.5.

23 Novemba 2024: hita iliyokwama

Themostati ya hita ya wati 200 iliganda ikiwa imewaka. Niligundua baada ya siku moja, maji yakiwa nyuzi 29.8. Kipande cha tumbawe gumu aina ya Montipora, nilichokipata Agosti, kilikuwa kimepoteza rangi ya zambarau na kubaki cha maziwa upande wa juu, kwa kuwa joto huwafanya matumbawe wawatoe wale mwani wadogo wanaoishi ndani yao na kuwalisha. Ndicho kilichotokea kwa ukubwa wa kutisha pwani ya Kenya mwaka 1998, na kukiona katika kipande cha ukubwa wa kiganja kulinitia uchungu ambao picha hazikuwahi kunitia.

Sikuweka barafu. Nilifungua kifuniko na kuelekeza feni juu ya maji. Hilo lilishusha nyuzi 3.5 kwa saa kumi. Nilipunguza taa hadi nusu kwa wiki mbili. Sasa kuna hita mbili za wati 100, ambazo hata moja ikikwama haiwezi kuchemsha tangi haraka, na juu yake kuna kidhibiti cha nje kinachozikata zote kwenye 26.5. Rangi ya Montipora ilianza kurudi katika wiki ya tano, kuanzia chini.

11 Januari 2025: vijiko vinne vya haraka

Tulikuwa ushago siku kumi za Krismasi. Niliporudi ualkali ulikuwa 6.3, kwa sababu matumbawe magumu sasa hutumia 0.3 kwa siku. Nikayeyusha vijiko vinne vya chai vya soda ya kuokea, gramu 20 hivi, na kuimimina yote jioni ile. Hesabu ni rahisi: katika lita 200, gramu 6 hupandisha dKH 1. Kwa hiyo nilipandisha 3.3 kwa saa chache, na baada ya siku mbili ukingo mzima wa Montipora uliokuwa ukikua ulikufa, ukabaki mfupa mweupe wa milimita tatu. Kikomo changu sasa ni 0.5 kwa siku, liwe liwalo.

Soda hiyo naioka kwanza kwenye oveni, nyuzi 180 kwa saa moja, ikitandazwa kwenye sinia. Joto huitoa hewa ya ukaa na maji, ikabaki kabonati ya sodiamu, ambayo hupandisha pH pia, gramu 3.8 zake hufanya kazi ya gramu 6 za soda mbichi. Kila dKH 1 inayotumika huondoka na kalsiamu ya miligramu 7 kwa lita, kwa hiyo kalsiamu nayo hurudishwa kwa uwiano huo. Watu wamenishauri nitumie magadi, kwa kuwa ni ya bei ya chini na ni yetu. Magadi ghafi ya Ziwa Magadi yana floridi nyingi na uchafu mwingine, na hayafai tangini hata kidogo.

22 Februari 2025: gharama na hali ya leo

Hadi leo nimetumia karibu shilingi 320,000. Zilizotawala ni inveta na betri 63,000, taa 34,000, ndoo mbili za chumvi za kilo 20 kwa 29,000, skima 18,500, na samaki pamoja na matumbawe 31,000. Makosa ninayoweza kuyahesabu kwa pesa, yaani dawa ya pH, inveta ya kwanza, resini na hita iliyokwama, yamefika 20,400. Kila mwezi umeme ni kati ya 2,800 na 3,700, Julai ikiwa ghali kuliko yote, na chumvi ni kama 1,200 kwa kubadilisha lita 20 kila wiki mbili.

Vipimo vya asubuhi ya leo: joto 25.7, chumvi 35, pH 8.09, ualkali 8.2, na kwa miligramu kwa lita, kalsiamu 425, magnesiamu 1,310, naitreti 6, fosfeti 0.06. Montipora imevuka ule mfupa mweupe na kuweka ukingo mpya wa milimita nne. Stendi imeanza kutu kwenye miguu ya nyuma, kwa sababu niliruhusu ipakwe rangi ya mafuta ya kawaida. Jumamosi ijayo nitaikwangua na kupaka epoksi, nikianza na mguu wa kushoto ambako skima hurusha matone.